Vihisi vya Tanuri la Indaksheni: Dalili, Visababishi na Mahali pa Kuanzia Ukaguzi

Viwanda vingi vya nondo vya Afrika Mashariki, kuanzia Athi River hadi Jinja na Dar es Salaam, huyeyusha vyuma chakavu kwa matanuri ya indaksheni. Koili ya shaba inayopozwa kwa maji huzungushwa nje ya ukuta wa udongo wa kinzamoto, umeme hupitishwa ndani yake, na chuma kilicho katikati hupata moto bila kuguswa na koili hiyo. Hakuna mtu anayeona kinachotendeka chini ya uso wa chuma. Mwendeshaji ana safu ya namba kwenye skrini, yaani joto la chuma, nguvu ya umeme, frikwensi, joto la maji ya kupozea na mkondo unaovujia ardhini, na kwa namba hizo huamua lini aongeze umeme, lini apunguze na lini amwage. Mwongozo huu unahusu nyakati ambazo namba hizo zinagombana zenyewe kwa zenyewe, au zinagombana na chuma chenyewe.

Kanuni moja inatangulia dalili zote: usibadilishe uendeshaji wa tanuri kwa sababu ya namba moja kabla hujaiuliza namba ya pili inayotoka kwenye kifaa kingine, kisichotumia waya uleule, kadi ileile ya elektroniki wala hesabu ileile. Kwa joto la chuma, shahidi huyo wa pili ni mita ya umeme. Tani moja ya chuma kilichoyeyuka huhitaji takriban kWh 0.23 ili ipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo tani 10 huhitaji takriban kWh 2.3. Ikiwa robo ya umeme hupotelea kwenye koili na mitambo ya kugeuzia umeme, basi kWh 200 zilizoingia baada ya chuma kupimwa nyuzi 1,560 zinapaswa kukifikisha karibu na nyuzi 1,620, ukiondoa kidogo kwa joto linalotoka juu ya uso. Fimbo ya kupimia ikisema 1,580 wakati mita inasema 1,620, mmoja wao anakosea, na inafaa kujua ni yupi kabla ya kugusa kitufe chochote.

Namba ni kubwa, lakini chuma kinaganda mapema

Dalili hii ndiyo huleta mabishano makali zaidi kati ya watu wa tanuri na watu wa kusubu. Themokapo, yaani kihisi cha nyaya mbili za metali tofauti kilicho kwenye kichwa cha fimbo ya kupimia na kutoa milivolti kulingana na joto, imeonyesha nyuzi 1,650, chuma kimemwagwa kwenye ladeli, yaani chombo cha kubebea chuma kilichoyeyuka, na kabla ladeli haijaisha tundu la kutolea linaziba kwa chuma kilichoganda. Chuma cha nondo chenye kaboni ya asilimia 0.22 hivi, pamoja na silikoni na manganizi za kawaida, huanza kuganda kinaposhuka hadi karibu nyuzi 1,512, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi kulikuwa na akiba ya nyuzi zaidi ya 130.

Mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni fundi wa vipimo, na mara nyingi huonewa. Karibu hitilafu zote za kawaida za themokapo huivuta namba kushuka: waya usio sahihi, unyevu ndani ya fimbo, kichwa kisichozama vya kutosha, yote hupunguza milivolti zinazofika kwenye kifaa. Namba inapokuwa kubwa kuliko ukweli, hitilafu za waya ni wachache kati ya watuhumiwa, na busara ni kuanza nje ya kihisi. Je, ladeli ilipashwa moto wa kutosha, au ilitoka kutengenezwa upya ikiwa bado baridi? Je, feroaloi, yaani viungo vya chuma kama ferosilikoni na feromanganizi, ziliongezwa baada ya kipimo cha mwisho? Je, kuna kipande kikubwa cha chakavu kilichokuwa bado hakijayeyuka chini wakati kichwa cha kupimia kilipozamishwa juu?

Njia ya haraka ya kutenganisha visababishi hivi ni kupima tena ndani ya ladeli mara tu baada ya kumwaga, kwa fimbo ileile na kifaa kilekile. Joto likiwa limeshuka kuliko ilivyo kawaida ya kiwanda chako, kihisi hakina kosa, na ladeli au mkondo wa kumwagia ndio wa kushughulikiwa. Upungufu ukiwa ni uleule wa siku zote na chuma bado kinaganda, basi vipimo vyote viwili vinaweza kuwa vimezidi kwa kiasi kilekile. Hapo kagua kihisi kidogo kinachopima joto la viunganishi ndani ya kifaa cha kusomea, kwa sababu kifaa hujumlisha joto hilo kwenye hesabu. Kikiwa karibu na transfoma au kabati yenye moto kuliko viunganishi vyenyewe, namba itapanda. Hata hivyo kosa la nyuzi 10 mahali hapo huleta kosa la nyuzi 5 tu kwenye chuma cha nyuzi 1,600, kwa hiyo pekee yake haliwezi kueleza tundu lililoziba.

Namba ni ndogo, mwendeshaji anaongeza umeme, na ukuta unaliwa

Hii ni hatari kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa haileti malalamiko ya siku ileile. Chuma hutoka kikiwa na moto wa kupita kiasi, kusubu kunakwenda vizuri, na gharama huonekana baadaye: umeme mwingi kwa kila tani na ukuta unaoisha kabla ya wakati wake.

Anza na aina ya themokapo. Vichwa vya kutumika mara moja vinavyouzwa kwa chuma ni hasa vya aina S, R na B, vyote vikiwa na nyaya za platinamu na rodiamu kwa viwango tofauti, na kwa macho havitofautiani sana. Kwenye nyuzi 1,600, aina S hutoa milivolti 16.777, aina R hutoa 18.849 na aina B hutoa 11.263. Kichwa cha S kikisomwa na kifaa kilichowekwa R, chuma cha nyuzi 1,600 kitaonekana kuwa cha nyuzi 1,450 hivi. Kinyume chake, kichwa cha R kwenye kifaa kilichowekwa S huzidi kabisa upeo wa jedwali la S na kifaa huonyesha kosa. Kwa hiyo bohari ikibadilisha msambazaji wa vichwa na namba zikaporomoka kwa nyuzi 150 siku hiyohiyo, hakuna haja ya kufungua kabati. Soma lebo ya boksi.

Kosa dogo kuliko hilo ndilo gumu kuligundua. Kati ya kichwa cha fimbo na kifaa hupita kebo maalumu ya themokapo, ambayo nyaya zake zimechaguliwa ili zifuate tabia ya platinamu katika joto la chini. Kebo hiyo ikikatika usiku na fundi wa zamu akaiunga kwa waya wa kawaida wa shaba, kipimo kitaendelea kufanya kazi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Iwapo kiungio cha kwenye fimbo kina nyuzi 60 na kifaa kiko kwenye chumba cha nyuzi 25, aina S itasoma pungufu kwa takriban nyuzi 19. Kebo sahihi ikiwa imeunganishwa kinyume kwenye ncha zote mbili, upungufu huwa maradufu, karibu nyuzi 38. Makosa haya yana alama yake: hubadilika kadiri fimbo inavyopata moto, hivyo kipimo cha kwanza cha zamu, fimbo ikiwa bado baridi, huwa karibu na ukweli kuliko cha saa sita baadaye.

Ili kukihukumu kifaa peke yake, tenga fimbo na uingize milivolti kutoka kwenye kifaa cha kupimia kinachoaminika. Kwa aina S, viunganishi vikiwa na nyuzi 25, ingiza milivolti 16.634, ambazo ni 16.777 ukitoa 0.143 zinazotokana na joto la viunganishi. Kifaa kinapaswa kuonyesha 1,600. Kikionyesha hivyo, rudia kwa kuingiza milivolti hizohizo kwenye ncha ya fimbo kupitia kebo yote, fimbo na kifaa vikiwa na joto sawa. Jaribio hili litafichua waya uliolegea au unyevu, lakini halitafichua kebo iliyogeuzwa, kwa kuwa kosa lile huhitaji tofauti ya joto ili lionekane. Kebo hukaguliwa kwa macho na kwa rangi za nyaya zake, kiungio baada ya kiungio.

Mstari wa kipimo haunyooki

Namba moja inayobaki kwenye skrini huficha mengi yanayoonekana kwenye mstari wa sekunde tano au sita zilizoitangulia. Kipimo kizuri hupanda kwa kasi, kisha hulala mlalo kwa sekunde kadhaa, na kifaa huchukua thamani ya sehemu hiyo ya mlalo. Mstari unaoendelea kupanda polepole bila kulala huonyesha kichwa kilichosimama ndani ya slagi, yaani mavi ya chuma, au kilichozama kidogo mno. Mstari unaopanda kisha ukaporomoka ghafla ni wa kichwa kilichovunjika. Meno ya msumeno ya mfululizo huletwa na mambo mawili tofauti, na inabidi kuyatenganisha: mvuke wa karatasi ya kichwa iliyolowa, au umeme wa koili unaoingilia waya. Zima umeme wa tanuri kisha pima. Meno yakitoweka, kagua kinga ya kebo na uhakikishe imeunganishwa ardhini upande mmoja tu. Yakibaki, vichwa vimenyonya unyevu na havifai kuzamishwa tena, si kwa ajili ya namba tu bali pia kwa sababu unyevu chini ya chuma kilichoyeyuka hurusha cheche.

Kuzima umeme wakati wa kupima kuwe desturi hata pasipo na tatizo.

Pairomita inapanda na kushuka bila sababu

Pairomita, yaani kifaa cha kupima joto kwa mbali bila kugusa chuma, husoma mwanga wa joto kutoka juu ya uso, kwa hiyo haijui lolote la chini yake. Slagi hutoa mwanga huo kwa wingi kuliko chuma safi chenye joto lilelile, na kamera ya kifaa ikihama kutoka chuma kwenda slagi namba hubadilika ingawa joto halijabadilika. Moshi na vumbi hufanya kinyume, huizima sehemu ya mwanga na kuishusha namba. Dalili ya moshi ni kwamba namba hupanda ghafla feni ya kuvutia moshi inapowashwa. Dalili ya slagi ni kwamba hubadilika mara tu baada ya kukwangua uso.

Urefu wa wimbi ambao kifaa kinautumia una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwenye nyuzi 1,600, kosa la asilimia 10 katika kukadiria emisiviti ya uso, yaani uwezo wake wa kutoa mwanga wa joto, huleta kosa la nyuzi 24 hivi kwa kifaa kinachotumia wimbi la maikromita 1. Kifaa cha mkononi cha bei nafuu kinachotumia mawimbi ya maikromita 8 hadi 14, kosa hilohilo hukipotosha kwa nyuzi 130 hivi. Vifaa hivyo ni vizuri kwa kupima beringi za mota na makabati ya umeme, na havina kazi yoyote mdomoni mwa tanuri la chuma. Pairomita ya rangi mbili huvumilia moshi vizuri zaidi, kwa kuwa hulinganisha mawimbi mawili yanayopungua kwa pamoja, lakini haiwezi kugeuza slagi kuwa chuma. Itumie kuona mwelekeo kati ya kipimo kimoja cha themokapo na kingine, na uirekebishe kwa themokapo, kamwe si themokapo kwa pairomita.

Umeme unaingia, joto halionekani kupanda

Dalili hii haisubiri. Mita inaonyesha kWh zikiongezeka, uso wa chakavu haushuki, na fimbo haiwezi kupita kufikia chuma cha chini. Kinachotokea ni kwamba vipande vya chakavu vimeshikamana na kutengeneza paa, na chini yake kuna chuma kidogo kinachopokea umeme wote. Tanuri la tani 10 lenye kilowati 4,000 hupandisha chuma chake kamili kwa nyuzi 20 hivi kila dakika. Chini ya paa kukiwa na tani 3 tu, hata kama umeme umeshuka hadi nusu kwa sababu chuma ni kidogo, joto linaweza kupanda kwa zaidi ya nyuzi 35 kila dakika. Ukuta wa silika hulainika na kuyeyuka ukivuka kidogo nyuzi 1,700, kwa hiyo dakika kumi za kungoja paa lianguke lenyewe zinatosha kuutoboa ukuta.

Kwa kuwa hakuna kihisi cha joto kinachofika pale, hesabu ndiyo kihisi. Tani moja ya chuma baridi ikifikishwa nyuzi 1,600 humeza karibu kWh 390 kwa nadharia, na katika uendeshaji wa kweli wa chakavu hutumia mara nyingi kati ya kWh 550 na 700. Programu ya udhibiti ijumlishe uzito wa chakavu kilichoingia kutoka kwenye mizani ya kreni na umeme uliotumika, na itoe onyo kila umeme unapozidi kile kinachotarajiwa kwa uzito huo. Onyo hilo likilia wakati uso wa chakavu umesimama, punguza umeme mara moja, kisha shughulikia paa kwa utaratibu wa usalama wa kiwanda. Kuongeza umeme ili paa liyeyuke ni kosa linalofanywa kwa nia njema, na ndilo kosa baya kuliko yote katika mwongozo huu.

Nguvu ya umeme na frikwensi vinahama kutoka myeyusho hadi myeyusho

Ukuta unapoliwa, chuma husogea karibu na koili. Koili hupoteza sehemu ya indaktansi yake, yaani ukinzani wake dhidi ya mabadiliko ya mkondo, frikwensi ya mfumo hupanda, na kwa volteji ileile tanuri huvuta nguvu kubwa zaidi. Slagi inapoganda ukutani mambo huwa kinyume. Mabadiliko haya ni kipimo kizuri cha unene wa ukuta na hakigharimu kihisi kipya, ila kina sharti moja: linganisha wakati tanuri limejaa chuma kilichoyeyuka, kwa joto na volteji sawa. Anayelinganisha namba za mwanzo wa myeyusho atapotoshwa, kwa kuwa chakavu baridi huvutwa na sumaku hadi kinapofika nyuzi 770, ambapo sifa hiyo hupotea na frikwensi na nguvu huruka bila ukuta kuhusika kwa lolote.

Maji ya koili yanatoka na joto kali

Joto la maji peke yake haliamui kitu; lizidishe kwa mtiririko. Lita 100 kwa dakika zikipanda kwa nyuzi 12 zinabeba takriban kilowati 84. Tawi moja la koili likianza kutoa maji yaliyopanda kwa nyuzi 24, soma mtiririko wake. Ukiwa umeshuka hadi lita 50, joto linalobebwa ni lilelile na tatizo ni bomba lililoziba kwa chokaa, kichujio kichafu au mpira uliokunjika. Mtiririko ukiwa bado ni 100, koili inapokea joto maradufu, na kama nguvu ya umeme haijaongezwa, ukuta wa upande huo ni mwembamba au chuma kimeanza kupenya. Hali hizi mbili hutoa kengele ileile kwenye skrini nyingi, ingawa moja inatibiwa kwa kusafisha na nyingine kwa kulimwaga tanuri.

Kihisi cha mtiririko chenye gurudumu dogo hukwama kwa uchafu na kusoma sifuri huku maji yakipita. Sifuri ya kweli huambatana na joto linalopanda ndani ya sekunde chache. Joto likitulia, gurudumu ndilo lililokwama. Hata hivyo punguza umeme kwanza, hakiki baadaye.

Kengele ya uvujaji ardhini

Chini ya tanuri huwekwa nyaya zinazogusa chuma kilichoyeyuka na kukiunganisha na ardhi, na kifaa hupima mkondo unaopita kati ya koili na ardhi kupitia ukuta. Ukuta mpya huwa na unyevu, kwa hiyo mkondo huwa mkubwa mwanzoni na hupungua saa baada ya saa kadiri unavyokauka. Maji yanayovuja kwenye mpira au kiungio huleta mkondo unaoyumba na mara nyingi huacha alama ya unyevu nje ya koili. Chuma kilichopenya hutoa mkondo unaoongezeka joto na kina cha chuma vinapoongezeka, na haupungui kwa kusubiri.

Kisababishi ambacho hakitoi kengele kabisa ndicho cha kutafutwa kila zamu: nyaya za chini zikikatika au zikifunikwa wakati wa kujenga ukuta, kifaa husoma karibu sifuri daima na kila mtu huridhika. Mwanzoni mwa kila zamu bonyeza kitufe cha majaribio cha kifaa, na tanuri likiwa na chuma lakini umeme umezimwa na kufungwa, pima kwa fimbo iliyoidhinishwa kwamba chuma kimeunganishwa kweli na ardhi. Kuiruka kengele hii kwa waya ili zamu imalize kazi kusiruhusiwe na cheo chochote.

Kumbukumbu zisizolingana

Ikiwa vihisi vyote vimepita ukaguzi na bado matukio hayaelezeki, linganisha saa za vifaa. Kifaa cha themokapo mara nyingi huwa na saa yake, PLC, yaani kompyuta ya kudhibiti mitambo, ina yake na mizani ya kreni ina yake. Zikipishana kwa dakika tatu, kipimo cha joto kitawekwa kabla ya umeme uliokisababisha, na hesabu zote za kulinganisha joto na kWh zitatoka potofu bila kihisi chochote kuharibika. Kagua pia kama kifaa kinaendelea kutuma thamani ya mwisho baada ya mawasiliano kukatika. Namba halisi ya tanuri hutikisika kidogo kila wakati, hivyo joto la maji lisilobadilika hata kwa sehemu ya kumi ya nyuzi kwa nusu saa lichukuliwe kuwa kihisi kilichokatika hadi ithibitike vinginevyo.